Ile jina hautaki niandike

Mama wangu, jambo. Najua hautazoea nikuite mama, lakini unabeba jina ya mama yangu na mi siwezi kuita ile jina bila heshima, ata ukifika miaka 50 kule Lubumbashi na watoto wako wakicheka.

Mesaji yako ya jana nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka, ya tatu nikatafuta miwani, juu hii si maneno ya kujibu na vokale, mesaji ya sauti, mutu yuko nyuma ya moto na upepo inaingia mu simu. Umeme iliondoka saa kumi na mbili, mama yako amelala, betri iko 60, nitaandika mupaka pale itaishia.

Umesema hivi: Papa, mu karatasi ya misa ya marehemu andika tate, mama yako, andika shangazi, andika ata yule mutoto wa jirani aliyekufa na kolera, lakini baba mudogo usiandike jina yake, alishakufa, alishahukumiwa, misa itamubadilishia nini, na ata kama ingemubadilishia kitu, mi sitaki. Nashukuru umesema yote. Watu wengi wanasemaga ile nusu ya kwanza ili kuficha nusu ya pili, weye umeziweka zote mbili mezani kama mutu anaweka nyama na mufupa.

Karatasi yenyewe iko hapa mbele yangu. Ni ile ya kila mwaka, unaikumbuka, paruasi inazigawa mu mashirika mwezi wa kumi ukiishaishia, juu kuna nafasi ya kuandika familia inayoomba, chini mistari kumi ya majina ya marehemu, unaweka mu bahasha na kale kasadaka kako, bahasha zinakaa karibu na altari mwezi wote wa 11 na padiri anaziombea. (Mutu asikuambie tunanunua misa. Misa haina bei. Sadaka ni ya kusaidia padiri na kanisa, na asiye na kitu anaandika majina yake vilevile, ata mwaka huu wa 2025 ambapo huku Goma benki zimefungwa toka mwezi wa kwanza na kila mutu anahesabu franga mu kiganja.) Mwaka huu tarehe 2, siku ya marehemu wote, imeangukia siku ya Mungu, kwa hiyo wote watakuwepo, ata wale wa Pasaka na Noeli.

Tuanze na ile nusu yako ya kwanza juu njo nyepesi.

Alishahukumiwa, kweli. Kanisa inafundisha kila mutu akikufa anahukumiwa palepale, haingoji mwisho wa dunia, na kama amemukataa Mungu mupaka dakika ya mwisho hakuna misa itamutoa kule, ata misa ya Papa. Lakini kuna yule amekufa akiwa bado rafiki ya Mungu na angali na uchafu wake mwilini, yule hajapotea na hajakuwa tayari, anasafishwa. Njo tunaitaga purgatori, wenzetu wa Tanzania wanasema toharani. Mutaguso, mukutano mukubwa wa maaskofu, wa Florence 1439 na wa Trento 1563 zilisema hivyo wazi, na wale maaskofu wa Trento waliongeza kitu kimoja nawapendea sana, walisema wahubiri wasiingize watu wa kawaida mu maswali magumu ya ile mambo. Yani usiniulize ile moto iko ya namna gani na inachukua siku ngapi, sitajibu, nina amri ya toka 1563.

Na ni nani yuko wapi? Angalia vizuri: Kanisa imetangaza watakatifu wengi sana, kwa majina, na siku yao mu kalenda, lakini haijatangaza ata mutu moja kwa jina kwamba yuko jehanamu. Ata Yuda Iskarioti. Kama Roma na maktaba yake yote haijathubutu, weye kule Lubumbashi, Kamalondo, mu chumba ya kupanga unathubutu na nini?

Sasa fungua Biblia, ile ya kwetu ya vitabu 73, juu ile ya wenzako wa kazini iko na 66 na hii kitabu haimo, Makabayo wa pili sura ya 12. Watu wanakumbukaga tu mwisho yake, kwamba kuombea wafu ni wazo takatifu na la kufaa, wanaruka njia yenyewe iliyofika pale. Yuda Makabayo alikuwa na vita, askari wake wamekufa, sabato ikapita, wakaenda kuokota miili ili waizike na ndugu zao. Wakifungua nguo wakakuta nini chini ya mashati? Hirizi. Kila moja wa wale marehemu alikuwa amevaa kitu ya sanamu za Yamnia, kitu sheria ya Wayahudi ilikataza. Yani hawa si mashahidi wazuri, hawa ni watu walioshikwa na mukono mu gunia. Na Yuda alifanya nini? Hakusema waache walale na dawa zao. Alichangisha jeshi lote, zikapatikana drakma 2000 za feza, akazituma Yerusalemu watoe sadaka kwa ajili ya ile dhambi yao.

Naona haujaelewa pale ninaenda, ao umeelewa na unakunja uso. Ile maombi ya kwanza ya marehemu mu Biblia yetu haikufanywa kwa mutu kama tate wako, ile mwanamuke wa rozari na wa kulisha wageni. Ilifanywa kwa wenye makosa, na kosa ikiwa bado imefungwa shingoni.

Ya pili ni Paulo, Wakorinto wa kwanza 3. Anasema kila mutu anajenga juu ya musingi ambao ni Kristu, moja anajenga na zahabu, moja na majani, na moto itajaribu kazi ya kila moja, yule kazi yake itaungua atapata hasara, lakini yeye mwenyewe ataokolewa, ila kama kwa kupita mu moto. Watu wa inchi zingine wanasoma ile mustari kama mashairi. Sisi wa Goma tumeisoma na miguu.

Ulikuwa na miaka sita. Siku ya ine, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, sitakuandikia yote, unajua, Nyiragongo ilipasuka na ile moto ikashuka kati ya mji kama uji, watu wote wakaelekea Gisenyi kule Rwanda, weye juu ya chukudu, ile ya mbao ya kusukuma mizigo, katikati ya godoro na sufuria, unalia juu ya kuku. Kathedrali ya Mutakatifu Yozefu iliungua. Siku tulirudia aridhi ilikuwa ingali moto, sandale za mama yako ziliyeyuka upande moja. Mu ile njia niliona matajiri wa duka wamesimama na pijama, mwili muzima, hakuna kitu, ata funguo za nyumba mukononi na nyumba haiko. Waliokolewa kabisa. Na walipoteza kabisa. Ile siku nilielewa Paulo kupita mahubiri yote nilisikia, kwamba mutu anaweza kuwa amepona na angali analia juu ya vile vilivyoungua, na vile viliungua juu vilikuwa vya kuungua.

Basi. Sasa ile nusu ya pili, ile ya mi sitaki.

Nitakuambia vitu sijakuambiaga, na ukitaka unaweza kuita mama yako kesho umuulize kama nadanganya.

Ule usiku wa volkano, wakati mi nilikuwa nashika weye na godoro, mufuko wa karatasi za parseli, kiwanja ya babu yako, ulibebwa na leki yangu, mudogo wangu, yule baba mudogo wako. Njo yeye aliurudia mu nyumba, moto iko karibu, watu wanamupigia kelele aache. Alitoka nao kifuani. Tulimusifu mwezi muzima. Parseli yenyewe ilikuwa chini ya mawe nyeusi, hakuna senyenge, hakuna miti ya avoka, hakuna mupaka, watu walikuwa wanapima na hatua na kumbukumbu, na mwenye karatasi njo alikuwa na kiwanja. Kisha miaka miwili, mu biro fulani, aliuza. Mukataba ulikuwa na sahihi mbili, yake na yangu. Yangu aliiandika vizuri kunipita, mi herufi zangu zinaangukaga.

Kutoka pale unajua kuliko mimi juu njo weye uliyelipa. Nyumba sita za kupanga. Ile mwaka ulikaa nyumbani unaangalia wenzako wanapita na iniforme, ukiniuliza kila asubuhi kama ni leo, na mi nasema wiki kesho. Sijasahau. Sikuombi usahau, ata Kanisa haikuombi.

Na hapa njo kitu kimoja nilitaka kukuambia toka mwanzo, na zile zingine zote ni kuzunguka. Weye unafikiri nikiandika jina yake mu ile karatasi nasema alikuwa mutu muzuri, ao nasema yameisha, tumeachiana, hakuna neno. Si vile. Watu wazuri kabisa hatuwaombei, tunawaomba. Hakuna mutu analipisha misa ili Bikira Maria apumzike kwa amani. Kuandika jina ya mutu mu orodha ya marehemu ni kusema huyu bado anadaiwa. Ni kusema mbele ya altari, Bwana, huyu alikufa na deni na deni ni kubwa, naijua, ilinipata mimi. Kama ile alitufanyia haikuwa kitu, purgatori ingekuwa ya nini? Wale wanasema mutu akikufa kila kitu inafutika palepale, bila kunyooshwa, njo wanaokuibia ile mwaka yako ya tatu primeri. Kanisa haijakuibia. Inasema lazima inyooshwe, ata mutu akiwa ameokoka, ata akiwa amelia mbele ya padiri na ameondolewa dhambi. Dhambi inaondolewa, alama ya msumari inabaki mu mbao, na ile mbao lazima mutu aitengeneze.

Kitu moja tu: anayetengeneza hayuko peke yake. Na mi nilitaka awe peke yake. Njo kosa yangu.

Kila siku ya Mungu tunasema nasadiki ushirika wa watakatifu, tunaisema haraka haraka kati ya Kanisa Katoliki na maondoleo ya dhambi, kama mutu anapita mbele ya muzee bila kusalimia. Ile maneno inasema sisi tunaotembea bado na vumbi, na wale wanaosafishwa, na wale wanaoona Mungu uso kwa uso, tu Kanisa moja, na mali inapita kutoka kwa moja kwenda kwa mwingine. Mutaguso wa pili wa Vatikani uliandika hivyo 1964, kwamba kifo haikati ile umoja wetu na ndugu waliolala, badala yake inapata nguvu kwa kushirikiana vitu vya kiroho. Mi naona ni kama shamba ya familia isiyogawanywa. Ukivuna upande wako, yule wa upande ule anakula. Na kama kuna familia inajua ubaya wa mutu kuuza shamba ya wote peke yake, ni yetu, kwa hiyo siwezi na mi kukata upande wangu na kusema hapa ni pangu, yeye asile.

Ile misa ya Zaire, ile Roma ilikubali 1988, unaikumbuka, mwanzoni kabisa tunaita watakatifu na nyuma yao tunaita mababu wenye moyo munyofu wawe pamoja nasi. Wenye moyo munyofu. Si kila babu. Mi nilikuwa nikifika pale namuona tate wako, moja kwa moja, na nilikuwa na furaha kwamba leki yangu hayuko mu ile sentensi. Nilikuwa naisikia kama mulango inafungwa mbele yake. Lakini ile misa haiishie pale, mbele kidogo mu sala kubwa kuna pahali tunaombea ndugu zetu waliolala, wote waliokufa na matumaini ya ufufuko. Kuna wale tunasema mutuombee na kuna wale tunasema Bwana uwapokee. Mu nyumba moja, mezani moja.

Mwaka huu Goma ilipata mwenye heri wake, tarehe 15 mwezi wa sita, pale Roma mu kanisa ya Mutakatifu Paulo, Floribert Bwana Chui. Nilikutumia picha, haukujibu, nilijua uko kazini. Mutoto wa hapahapa, alikuwa anafanya kazi ya kukagua vitu vya kuingia inchini, walimuletea rushwa ili atie mukono chakula iliyooza ipite watu wale, akakataa, wakamuua 2007 na miaka 26. Nilisimama kwa kanisa na watu wanapiga kigelegele, na mi nafikiria nini? Nafikiria sahihi. Mu mji moja, miaka tatu imeachana, moja alikataa kutia sahihi na akakufa, moja alitia sahihi isiyo yake na akala. Yule wa kwanza namuomba aniombee. Yule wa pili ni damu yangu, na bila maombi ya yule wa kwanza na ya wengine hatafika pale. Sikupenda ile wazo. Ilinifuata mupaka nyumbani.

Sasa sikia ile ya mwisho, hii ata mama yako nilimuambia mwaka jana tu.

Leki yangu alikufa Bukavu 2021. Mulisikia nilisema kazi ilikuwa mingi. Ile wiki sikuwa na kazi yoyote. Bato ya kuvuka ziwa ilikuwepo kila siku, nilikuwa na feza ya tiketi, nilienda mupaka pale bandarini nikakaa kwa benchi nikaangalia watu wanapanda na vikapu, bato ikaondoka, nikarudia. Nilituma dola 50 na simu. Kwa kilio waliniuliza, wakaambiwa yaya, yani kaka mukubwa, ni mugonjwa. Walizika bila mimi.

Nyuma ya miaka mbili mujane wake alifika hapa. Nilifikiri anakuja kuomba. Alitoa mu mufuko sashe ya plastiki na ndani vikaratasi, vile vidogo wanakupaga kwa sekretariati ya paruasi ukiombesha misa. Kumi na moja. Cha kwanza cha 2006. Kila kimoja, mukono wake, ile mukono muzuri, kimeandikwa: kwa ajili ya marehemu baba yetu na mama yetu, toka kwa watoto wao wawili. Na majina mawili. Yake na yangu.

Unaelewa? Mara ya pili alitia jina yangu bila kuniuliza.

Nilikaa na vile vikaratasi sijui saa ngapi. Kwanza nilisema yani ni feza yetu, ametuibia na amelipisha misa na feza ya wizi, anafikiri Mungu ni mukaguzi wa barabarani. Na ile inaweza kuwa kweli nusu, simutetei. Lakini miaka yote ile mi nilikuwa nimekaa hapa najiita mutoto muzuri, na kwa tate wako sikuombesha misa ata moja toka 2004, juu kila nikikumbuka tate nakumbuka parseli, na nikikumbuka parseli nashindwa kusali. Jina yangu ilikuwa inasomwa kwa altari ya Bukavu kwa ajili ya mama yangu na aliyekuwa anaiandika ni mwizi wangu. Misa zilitolewa. Kama zilimusaidia tate, na mi nasadiki zilimusaidia, zilipita kwa mukono yake.

Haikurudisha parseli. Kila nikipita pale naona ile etaje, ile nyumba ya gorofa ya rangi ya njano na tumbo inaniuma, jana pia iliniuma. Usifikiri papa yako amekuwa mutawa.

Padiri yetu niliyeungama kwake aliniambia tu kitu ya Monika, mama wa Agustino. Alikufa Ostia mwaka 387, mbali na kwao Afrika, na watoto walikuwa wanahangaika juu ya kaburi, akawaambia mwili muuzike popote, nawaomba tu munikumbuke kwa altari ya Bwana. Ile niliijua. Ile sikujua ni kwamba Agustino alivyoandika kuomba watu wamukumbuke mama yake, aliandika jina mbili, Monika na Patrisio, babake. Na Patrisio unajua alikuwa nani? Mwanaume wa hasira kali, wa kutembea inje na wanawake, akabatizwa mwishoni mwishoni. Agustino angeweza kuacha jina moja tu, ile ya mama, kila mutu angeelewa. Padiri hakuongeza kitu, akanipa malipizi na nikatoka.

Wenzako wa kazini watakuambia hii ni kuita mizimu. Waambie Kumbukumbu la Torati 18 na sisi tunaisoma, kuuliza wafu imekatazwa na Katekismu inarudilia ile katazo wazi, ukisikia kuna nabii pale kwenu anaongeaga na marehemu kwa dola kumi, kimbia. Mi sijaongea na leki yangu na sitaongea naye. Naongea na Mungu juu yake, kama vile naongea na Mungu juu yako kila usiku na simu yako haijalia.

Na bado kitu itakukasirisha, lakini bora uijue. Katekismu inasema maombi yetu kwa marehemu inawasaidia, na tena inafanya maombi yao kwa ajili yetu iwe na nguvu. Yani yule baba mudogo wako akiwa mu njia ya kusafishwa, anaweza kukuombea. Labda alishaanza. Salamu ya mutu unaweza kukataa, unapita upande wa pili wa barabara. Ile hauwezi kukataa.

Kama utataka, na nasema kama, tarehe 1 mupaka 8 mutu akiungama na akikomunika na akiombea nia za Papa, akaenda kwa makaburi kuombea marehemu, anaweza kupata rehema kamili, ile kuondolewa adhabu yote inayobaki ya dhambi, na kumupa marehemu moja kila siku. Si lazima iwe kaburi ya mutu wako. Hii ni bahati kwetu, juu ya tate iko Masisi na sijakanyaga kule toka 2012, ya yule mwingine iko ng'ambo ya ziwa na sijaiona, na weye ndege haziwezi kukuleta. Makaburi ya pale Lubumbashi yatakubali. Siku nane. Mupe tate za kwanza zote kama unataka.

Betri iko 11 sasa, niongee ya karatasi.

Sitaki nikudanganye kama bado naomba ruhusa. Jina yake nimeshaiandika, mustari wa pili, chini ya tate, na biki, haifutiki. Mi niko na deni kwake na yeye iko na deni kwangu na hii mambo ni yetu wawili. Lakini kule juu, pale wanaandika familia inayoomba, nimeandika mimi, mama yako, na wadogo wako wote wawili walikubali jana kwa simu, mudogo alisema tu "sawa papa" na akarudia kuangalia mupira. Yako sijaandika. Nimeacha nafasi. Mu hii familia watu walishatiwa jina bila kuulizwa mara mbili, haitakuwa mara tatu.

Mukubwa wa shirika anapita kukusanya bahasha siku ya tano, saa kumi na moja. Ukijibu kabla ya pale nitaona. Ukikosa kujibu, nafasi itaenda vilevile, nyeupe, na padiri hataniuliza.

Mama yako anakusalimia, anauliza kama ile kikohozi iliisha. Betri 4